Homa Inayompata Mgonjwa wa Damu ya Ubongo Akiwa Hospitali

(Muziki wa kipindi unapanda, unashuka.)

MTANGAZAJI: Tuko hapa Ombaci, kwenye barabara ya Arua kwenda Koboko. Leo tunaongea juu ya mgonjwa ambaye damu ilimvujia ndani ya ubongo, akapelekwa hospitali, akaanza kupata nafuu, halafu homa ikampanda akiwa palepale kitandani. Ndugu wanaulizana: ni malaria? Ni damu ileile? Au kuna kitu kimeingia?

Damu kwenye ubongo wengi tunaijua kupitia presha. Mtu yuko shambani, anashika kichwa, anaanguka, upande mmoja unalegea. Wengine ni ajali ya boda. Wengine ni mshipa ndani ya kichwa uliokuwa dhaifu, ukapasuka wenyewe.

Sasa, ubongo unaelea ndani ya maji safi. Kwa mtu mzima ni kama mililita 150, nusu ya chupa ya soda, na mwili unatengeneza karibu mililita 500 kila siku huku mengine yakinyonywa. Damu ikiganda kwenye njia ya maji hayo, maji hayatoki, yanajaa, yanaukandamiza ubongo. Ndipo daktari wa upasuaji anatoboa tundu dogo kwenye fuvu na kupitisha mrija mwembamba unaotoa maji hadi kwenye mfuko kando ya kitanda. Kazi hiyo haifanyiki kwenye vituo vyetu vya kambini. Ni rufaa hadi Arua, na mara nyingi hadi Mulago, Kampala, karibu kilomita 500 kupitia Pakwach na Karuma.

Mrija unaokoa maisha. Lakini mrija ni barabara, na barabara haichagui anayepita. Bakteria wa kwenye ngozi, au wa kwenye mikono ya mtu aliyeugusa, wanaweza kupita humo hadi ndani. Kadiri siku zinavyoongezeka, hatari inaongezeka. Taarifa za hospitali nyingi duniani zinataja kuanzia wagonjwa wachache hadi zaidi ya 20 kwa kila 100 wenye mrija kama huo. Ndiyo maana madaktari wanapenda kuutoa mapema wakiweza. Hapa Uganda, Hospitali ya CURE ya Mbale ilipata sifa duniani mwanzoni mwa miaka ya 2000. Daktari Benjamin Warf alikuwa akitibu watoto wenye vichwa vilivyojaa maji, wengi wao kwa sababu ya maambukizi ya utotoni, kwa kuyafungulia maji njia ndani ya ubongo wenyewe, ili mtoto asiishi na mrija mwilini.

Ugonjwa tunaousema ni homa ya uti wa mgongo, lakini si ile ya mlipuko. Watu wa West Nile wanaikumbuka ile ya 2007 iliyopita Arua, Koboko na Yumbe, na chanjo ya 2017. Hii ya mrija haiji kwa kikohozi cha jirani, na chanjo ile haiizuii. Kwa hiyo usimkimbie mgonjwa wako, na usimruhusu mtu wa kitanda cha pili akufukuze.

(Muziki mfupi.)

Kuigundua ndiyo kazi ngumu. Homa, shingo kukakamaa, kichwa kuuma, kuchanganyikiwa: hizo ndizo dalili za maambukizi. Lakini damu yenyewe ikiwa kwenye ubongo inaleta hizohizo, bila bakteria hata mmoja. Halafu mgonjwa aliyelala siku nyingi anaweza kuwa na homa ya mapafu, au ya mpira wa mkojo, au malaria yetu ya kila siku. Kipima joto peke yake hakisemi ni ipi.

Basi wanachukua yale maji. Maabara inahesabu chembe nyeupe, ambazo ni askari wa mwili. Shida ni kwamba damu iliyovuja iliingia na askari wake. Kwenye damu ya kawaida, kwa kila chembe nyeupe moja kuna nyekundu kama 500 hadi 1,000. Maji yakiwa na nyekundu 10,000, tunategemea nyeupe 10 hadi 20. Zikionekana 200, hizo nyingine zimeitwa na kitu. Hata hapo daktari anasita, kwa sababu damu iliyokaa humo siku kadhaa inaweza kuita askari yenyewe. Anaangalia pia sukari ya maji hayo, kwani bakteria wanaila, na anailinganisha na sukari ya damu ya siku hiyo. Halafu maji yanaoteshwa maabara kuona kama bakteria watakua. Hiyo inachukua siku mbili, tatu, na kwa bakteria wa polepole hadi 10. Mara nyingi dawa inaanza kabla jibu halijatoka.

Kwa hiyo kipimo kimoja mara nyingi hakitoshi. Daktari anatafuta mabadiliko: jana ilikuwa hivi, leo imekuwa vile. Na hapo, msikilizaji, ndipo unapoingia wewe. Nesi mmoja ana wodi nzima. Anayemlisha mgonjwa, anayemgeuza, anayelala chini ya kitanda kwenye mkeka, ni wewe.

Kwetu wakimbizi kuna jambo la lugha pia. Mjomba wangu alilazwa katika hospitali moja mbali na hapa. Nesi alimuuliza kwa Kiingereza huu ni mwaka gani. Mjomba akajibu, "Sista, naomba maji." Ikaandikwa: amechanganyikiwa. Hakuwa amechanganyikiwa, alikuwa na kiu na hajui Kiingereza. Siku tatu baadaye akaniita kwa jina la baba yake aliyekufa Ituri, akaniuliza kama ng'ombe wamerudi. Nesi mwingine akauliza, "Anaongea?" Ningeweza kusema ndiyo, na ingekuwa kweli. Nilisema, "Anaongea, lakini maneno si yake. Jana alinijua, leo hanijui." Maji yalichukuliwa siku ileile, na bakteria wakapatikana. Alitibiwa wiki tatu. Leo anatembea na fimbo, mkono wa kushoto bado mzito.

Kwa hiyo nesi akikuuliza, usiishie kwenye "anaongea." Sema kama maneno yana maana katika lugha yenu. Sema kama jana alikubana mkono ulipomwambia na leo hakubani, kama analala kuliko jana, kama ametapika. Akikutukana mbele ya mkweo, usifiche kwa aibu. Hiyo ni habari ya ugonjwa.

Mrija na mfuko usiviguse, usivisogeze juu wala chini, hata unapobadilisha shuka. Mwite nesi. Ukiona bandeji imelowa pale mrija unapoingia, mwite.

Na ile sindano ya mgongo. Najua maneno yanayosemwa kambini, kwamba inapoozesha, kwamba aliyechomwa hakurudi. Mwenye mrija mara nyingi hachomwi kabisa, maji yanachukuliwa kwenye mrija wenyewe. Asiye na mrija anachomwa chini kiunoni, chini ya mahali uti wenyewe unapoishia. Wengi waliokufa baada ya sindano walikuwa wamefikishwa wakiwa hoi, ndugu wakiwa wamekataa kwa siku nzima. Lakini daktari akisema subiri, tuangalie kwanza picha ya kichwa, usidhani amekudharau. Presha ya ndani ya kichwa ikiwa kubwa, sindano hiyo inaweza kuwa hatari, na yeye anaijua hatari hiyo.

Kuna wanaoenda duka la dawa mjini, wananunua vile vidonge vya rangi mbili na kumpa mgonjwa kwa siri. Dozi hiyo ni ndogo, haiwaui bakteria wa ubongo, lakini inatosha kuwafanya wasiote maabara. Daktari anapata jibu "hakuna kitu" na kitu kipo. Kama umeshampa, mwambie daktari jina la dawa na siku.

Mgonjwa akiruhusiwa, tunza karatasi ya hospitali kwenye mfuko wa nailoni, mbali na mvua. Homa ikirudi, kidonda kikitoa maji, au akianza tena kutapika na kusinzia, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo na karatasi hiyo mkononi. Mwambie mhudumu neno la kwanza: "Huyu aliwahi kuwekewa mrija kichwani."

Kesho saa kumi na mbili jioni kipindi hiki kitarudiwa kwa Kiarabu cha Juba.

(Muziki unapanda.)