Mbegu ya Viazi Ilale Nyumbani

Ndugu wakulima, leo nazungumza nanyi wa Kolo na Kondoa nzima, pamoja na ndugu zetu wa nyanda za kati ambako mvua ni ya msimu mmoja. Habari yenyewe ni mbegu ya viazi vitamu.

Hali mnaijua. Mvua hukatika Aprili au Mei. Ikifika Septemba, jua limekausha marando shambani, na yaliyosalia yameliwa na mbuzi. Mvua ikirudi Desemba, mtu anazunguka kwa majirani kuomba marando. Akipata mzigo mmoja anaupanda, anangoja ukue, ndipo akate tena. Anapomaliza shamba lake ni Februari. Viazi vitamu vinataka miezi 3 hadi 5 ardhini. Hesabu mwenyewe: mvua itamwacha njiani. Lakini aliyepanda Desemba anaweza kuchimba Machi au Aprili, wakati ghala limebaki vumbi na mtama haujakomaa. Nyumba hizi mbili hazikutofautiana kwa nguvu ya jembe, bali kwa mbegu.

Katika nchi za baridi kali, watu huingiza ndani mimea yao ya maua isiuawe na barafu. Adui yetu sisi ni jua, lakini dawa ni ile ile: mbegu ilale nyumbani.

Kama una kisima karibu, panda kitalu kidogo cha marando kivulini, ukizungushie miiba. Kama maji ni ya kuchota mbali, tumia mchanga. Njia hii watafiti wa viazi wameijaribu pamoja na wakulima wa Tanzania na Uganda. Na mchanga kwetu si wa kununua. Mmomonyoko ule ule ulioifanya serikali ianzishe mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, yaani HADO, mwaka 1973, umeujaza makorongoni.

Sasa sikiliza vizuri. Wakati wa kuvuna, chagua mashina yenye afya. Shina lenye majani yaliyokunjamana, ya manjano au yaliyodumaa, liache, lina ugonjwa. Kutoka mashina mazuri chukua viazi vidogo, visivyo na jeraha wala tundu la fukusi. Usivioshe. Chukua beseni kuukuu, tandika mchanga mkavu uliopoa, panga viazi visigusane, funika kwa mchanga, panga tena, mwisho funika juu. Weka ndani ya nyumba, mahali pakavu penye ubaridi. Mchanga ukiwa na unyevu, viazi vitaoza.

Kila mwezi fukua uvikague. Kilichooza au kuingiwa na fukusi kitoe. Machipukizi yakitokea mapema, yavunje, mengine yatakuja.

Mwanzoni mwa Oktoba, yaani wiki 6 hadi 8 kabla ya mvua, vitoe ukavipande kwenye kitalu karibu na nyumba. Changanya samadi iliyooza, acha nusu mita kati ya kiazi na kiazi, na mwagilia kila baada ya siku 3 au 4. Zungushia miiba, maana mbuzi na kuku hawajui kuwa hiyo ni mbegu.

Kiazi kimoja kikitunzwa chaweza kutoa vipando 30 hadi 40. Robo eka yenye matuta ya mita 1 na nafasi ya sentimita 30 inataka vipando kama 3,300. Kwa hiyo viazi 100 vinaweza kutosha, ila weka akiba, kwani vingine vitaoza.

Mvua ikishalowesha ardhi, kata vipando vya sentimita 30 kutoka ncha za marando. Sehemu ya chini iliyo karibu na udongo usiitumie, ndiko fukusi hutaga. Acha kisiki kichipue tena. Fukia vifundo 2 au 3 kwenye tuta, na viazi vikianza kunenepa, funika nyufa zote za tuta, maana fukusi hupitia humo.

Ndugu mkulima, mavuno yajayo yasipite hivi hivi. Kabla hujapeleka viazi vyote jikoni na sokoni, tenga vya mchangani.