Kutafakari Neno Mikono Ikiwa Kazini



Leo tunataka tuzungumze juu ya kutafakari Neno la Mungu. Tunajua wengi mkisikia hivyo mnasema moyoni, "Hiyo ni kazi ya mchungaji, ama ya mtu aliye na nafasi." Na nafasi iko wapi hapa Naivasha? Mama anaamka gizani, anawaachia watoto chai, anakwenda shamba la maua, anarudi jioni amechoka. Tena kuna jirani ambaye hakusoma shule. Je, hao wote wameachwa nje?

Hapana. Tuangalie Yoshua 1:8 na Zaburi 1:2. Neno la Kiebrania lililotafsiriwa kutafakari ni haga, yaani kusema kwa sauti ya chini, kunong'ona. Isaya analitumia kwa simba anayenguruma juu ya windo lake (31:4), na pia kwa mlio wa njiwa (38:14). Kwa hivyo si kufumba macho na kuondoa kila kitu akilini. Ni kulisema Neno polepole, kulirudia, mpaka lenyewe likuulize swali. Hii ni kazi ya mdomo na moyo. Mikono inaweza kuwa inachuma waridi ama inapalilia mahindi, na asiyejua kusoma anaiweza sawasawa na mwalimu.

Maji ya ziwa yalipopanda mwaka 2020 yakaingia nyumba za Kihoto, watu walitoka na kile walichoweza kubeba. Biblia ikilowa haisomeki. Mstari uliozoea kinywani unatoka na mwenyewe.

Basi kikundi kifanye hivi. Mmoja asome mstari mara tatu, pole pole, na wengine waurudie mpaka mtoto pia aujue. Anayetaka kuusema kwa Gikuyu ama Kimaasai, na aseme, Mungu anasikia. Mkikutana tena, kila mtu aeleze kwa ufupi mstari ulimkuta wapi. Mahubiri hapana! (Wazee wetu watuvumilie.) Na msifungue Biblia popote mkaweka kidole. Someni yaliyo mbele na yaliyo nyuma ya mstari huo, maana tumesikia watu wakichukua ahadi iliyotolewa kwa mtu mwingine kabisa.

Jambo lingine: kutafakari hakulipi mkopo. Mweka hazina bado aandike kitabu chake. Lakini mtu mwenye deni, anayelala macho wazi, usiku kucha huwa ananong'ona jambo fulani. Mara nyingi ni hesabu ile ile. Huyo tunamwomba ajaribu kunong'ona Zaburi 13. Daudi hapo anamlalamikia Mungu bila kuficha, na Mungu hakuiondoa zaburi hiyo katika kitabu chake. Ni mistari 6 tu. Isomeni yote mkutano ujao, halafu mchague mmoja wa kubeba nyumbani.