Sukari na Amana ya Mwili


Mwili ni amana, na israfu imekatazwa hata katika kilicho halali. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilieleza kuwa ni bora sukari inayoongezwa, asali ikiwemo, isizidi takriban gramu 25 kwa siku, yaani vijiko 6 vya chai. Basi vikombe viwili vya chai, vijiko vitatu kila kimoja, vimekwisha kutimiza kiasi hicho kabla ya andazi!

Hapa Rungwe Mwenyezi Mungu ametujaalia ndizi. Pondeni ndizi mbivu katika unga wa maandazi, mpunguze maji, muache sukari. Katika chai, punguzeni kidogo kidogo, ulimi huzoea. Tusiwarithishe watoto wetu ulimi usioridhika ila kwa sukari.

Wabillahi tawfiq.