Mafuta ya Giaboksi: Ulizeni Kitabu Kabla ya Duka

Hotuba hii ilisomwa Kangari, katika Kaunti ya Murang'a, mbele ya wenye motokaa, madereva, mafundi na wakulima wa chai.



Kazi yangu ni kufasiri maandishi. Mimi si fundi wa motokaa, wala sikusimama hapa kumfundisha fundi namna ya kushika spana. Lakini katika kufasiri vitabu vya watengenezaji nimeona jambo moja liletalo hasara kubwa, na asili yake ni neno. Katika lugha yetu tunasema "mafuta," basi. Petroli ni mafuta, dizeli ni mafuta, ya kukaangia ni mafuta, ya kujipaka ni mafuta, na yale yatiwayo ndani ya giaboksi nayo ni mafuta. Mtu hufika dukani akasema, "Nipe mafuta ya gia," naye mwenye duka humpa kopo lililo karibu na mkono wake. Hapo wote wawili wamesema Kiswahili sahihi, na giaboksi imekwisha kuanza kuharibika.

Jambo hili lawahusu watu wa Kangari kupita watu wa nchi tambarare. Gari lipandalo kutoka Maragua mpaka hapa, na kutoka hapa mpaka Kinyona, hubadilisha gia mara nyingi sana. Na literemkapo limejaa majani ya chai, gia ndogo ndiyo ilizuiayo lisikimbie. Dereva akiitaka gia ya pili nayo ikakataa kuingia, hana kilichobaki ila breki peke yake, na breki zikishikwa mfululizo hupata moto mpaka zikapoteza nguvu. Kwa hiyo mafuta ya giaboksi si habari ya fedha tu. Ni habari ya roho za watu waliomo garini na za watoto watembeao kando ya njia.

Sasa tutazame ndani ya giaboksi. Mna meno ya chuma yasukumanayo kwa nguvu, na katika giaboksi nyingi mna pete, aghalabu za shaba ya manjano. Kazi ya pete hizo ni kusawazisha mwendo wa gia mbili kabla hazijashikana, ili gia iingie bila kelele. Basi mafuta yana kazi mbili zinazopingana. Meno ya chuma yanataka utelezi mwingi yasisagane. Pete za shaba zinataka utelezi wa kadiri, kwa kuwa pete isiyoweza kushika haiwezi kusawazisha mwendo. Ndiyo sababu mafuta yanayofaa sana mahali pengine huweza kuwa mabaya hapa.

Juu ya kopo mtaona alama za namna mbili. Alama ya kwanza ni ya uzito, kama vile SAE 75W-90 au 80W-90. Tarakimu iliyo pamoja na herufi W huonyesha jinsi mafuta yanavyokwenda wakati wa baridi; ile ya pili huonyesha uzito wake yakiwa na moto. Msidhani kwamba 90 ya gia ni mara mbili ya 40 ya injini. Vipimo hivyo ni viwili mbalimbali. Katika moto wa nyuzi 100, mafuta ya gia ya 90 yana uzito ulio karibu na oili ya injini ya 40 au 50.

Alama ya pili ni ya dawa zilizochanganywa ndani yake, nayo imewekwa na chama cha mafuta cha Marekani kiitwacho API. Mtaona GL-4 au GL-5. Hapa wengi hudanganyika, kwa sababu shuleni darasa la tano ni juu ya la nne. Katika mafuta sivyo. GL-5 ilikusudiwa hasa difu, ambayo meno yake huteleza sana yakiwa chini ya mzigo mkubwa. Dawa zake zenye salfa na fosforasi huwa karibu mara mbili ya zile za GL-4. Dawa hizo hukinga chuma, lakini baadhi yake, hasa zikipata moto, huweza kuila shaba, na utelezi wake huzizuia pete kushika. Yako mafuta ya siku hizi yaliyotengenezwa yafae katika kazi zote mbili, na ziko giaboksi ambazo watengenezaji wake wameruhusu GL-5. Lakini ruhusa hiyo ni ya mtengenezaji, si ya jirani.

Nitawaambieni kisa kimoja, na aibu yake ni yangu. Mwaka 2006, nilipokuwa mwanafunzi wa sekondari, mjomba wangu alikuwa na pikapu ya Peugeot 504 ichukuayo chai na mboga. Mjomba hakujua kusoma Kiingereza. Nikakisoma kitabu cha gari, nikaona kwamba giaboksi yake yataka oili ya injini. Nikamwambia. Wazee waliokuwapo wakacheka sana: "Oili ya injini katika giaboksi! Mafuta mazito ndiyo yadumuyo." Mmoja wao akaleta mafuta ya difu, GL-5 ya uzito wa 140, nami nikanyamaza kwa heshima. Asubuhi za baridi gia zikawa ngumu kama jiwe. Baadaye gia ya pili ikaanza kulia, na mwisho ikakataa kuingia. Giaboksi ilipofunguliwa, mafuta yalimetameta kama vumbi la dhahabu; kumbe ilikuwa ni shaba ya pete. Pikapu ikakaa uani muhula mzima, na mboga zikaoza shambani. Tangu siku ile nimejua kwamba kumheshimu mzee ni pamoja na kumsomea tena yaliyoandikwa, hata akicheka.

Wala gari hilo si la ajabu peke yake. Peugeot 404, iliyoshinda mashindano ya East African Safari miaka ya 1963, 1966, 1967 na 1968, ilikuwa na difu yenye gurudumu la shaba lizungushwalo na chuma kilichochongwa kama parafujo; nayo ilitaka mafuta ya pekee yenye asili ya mbarika, mti ule ule ambao wazee wetu waliukamua wapate mafuta ya kujipaka. Motokaa ndogo iitwayo Mini, iliyotolewa Uingereza mwaka 1959, iliweka gia zake ndani ya oili ile ile ya injini. Land Rover Defender zenye giaboksi ya LT77 zilitiwa mafuta mepesi ya giaboksi za otomatiki, ingawa gia zake hubadilishwa kwa mkono. Magari manne, mafuta mbalimbali, na kila mtengenezaji alikuwa na sababu yake.

Yawezekana mtu akasema, "Gari langu limetoka Japani, na kitabu chake kimeandikwa Kijapani." Ni kweli, na shida hiyo ni kubwa. Lakini tarakimu husomeka katika lugha zote. Tafuteni katika kitabu alama kama 75W-90 na GL-4, na angalieni kwamba ukurasa ni wa giaboksi, si wa difu. Msipoona, andikeni namba ya chasisi na aina ya giaboksi kutoka kwenye kibati cha gari, mkamwulize wakala wa mtengenezaji. Kuuliza hakugharimu kama giaboksi.

Wakati wa kubadilisha, shikeni haya. Gari lisimame mahali pa sawa, na mafuta yawe na vuguvugu. Fungueni kwanza nati ya kujazia, ndipo mfungue ya kumwagia. Maana ukimwaga kisha ya kujazia ikakataa, gari halitoki hapo. Tazameni mafuta yaliyotoka: ungaunga kidogo wa chuma kwenye sumaku si ajabu, lakini vipande vya chuma au mng'ao mwingi wa shaba ni onyo. Katika giaboksi nyingi mafuta hujazwa mpaka yafike mdomo wa tundu la kujazia. Msichanganye mafuta msiyoyajua. Na mafuta machafu yasimwagwe mtaroni, kwa kuwa mitaro ya Kangari huingia mitoni, na maji ya mito hunywewa na watu walio chini yetu.

Wahenga walisema, rahisi huvunja upishi. Nami naongeza kwamba hata ghali huuvunja, ikiwa si ya chungu hicho. Mafuta bora si mazito kuliko yote, wala si yenye tarakimu kubwa, wala si ya bei ya juu. Mafuta bora ni yale yaliyotakwa na giaboksi hiyo. Basi leo jioni kila mwenye gari akitafute kitabu chake, na kama hawezi kukisoma, amwite mwanawe akisome kwa sauti. Nawe mtoto, ukicheka nao wasikusadiki, soma mara ya pili.