Tupime maji kwanza, vidonge vitangoja
Maneno ya kamati kwenye mkutano wa wanachama, Nyunzu



Leo hatusemi juu ya mabati wala mbegu. Tunasema juu ya meno. Wamama wa kamati walipita masomoni, wakakuta watoto wengi wako na meno ya nyuma yaliyooza. Rafiki mmoja wa chama akajitolea kutununulia vidonge vya floridi. Tunamshukuru sana. Lakini tumemuomba angoje, na kamatini wengine hawakupenda: "Mutu akikupa, pokea!"

Sababu ni hii. Floridi kidogo inakaza jino. Tangu 1945 mji wa Grand Rapids, Marekani, unaitia katika maji ya bomba. Ikizidi, jino la mtoto linaharibika lingali ndani ya ufizi. Linatoka na madoa meupe au ya kahawia, na hata usugue namna gani hayatoki. Ikizidi sana, kwa miaka mingi, inafika mifupani. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 kwa lita.

Waliokuwa kambini Nyarugusu wanamkumbuka mwalimu mmoja wa kutoka Meru, aliyefunika mdomo kila akicheka. Upande ule wa Arusha, mawe ya volkano yanatia floridi nyingi majini. Kuna wakati Tanzania iliruhusu mpaka miligramu 8 vijijini, kwa kuwa maji mengine hayakuwepo. Ngurdoto wanayachuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Kuchemsha hakusaidii: maji yanapungua, floridi inabaki. (Kwa kipindupindu sufuria inasaidia kweli, basi msiache kuchemsha.)

Sisi huku wengine tunakunywa maji ya Lukuga, wengine ya foraji. Maji ya foraji yamekaa muda mrefu kati ya mawe, na foraji mbili za mtaa mmoja zinaweza kutofautiana. Kwa macho hujui, kwa ulimi hujui. Zetu zilipimwa vijidudu tu. Sasa mtoto ambaye foraji yake iko tayari na miligramu 2, tukimpa na kidonge, tunamtibu ao tunamharibu?

Kwa hiyo tunaomba pesa ya vidonge ilipie kwanza vipimo: kila foraji mara mbili, mwisho wa kiangazi na katikati ya mvua. Matokeo tutayaandika kwenye kibao pale pale kwenye pompi, yawe mazuri ao mabaya.

Tukingoja, dawa ya meno yenye floridi inatosha, kiasi cha punje ya mchele kwa mtoto mdogo. Na ile chai ya sukari ya kulalia, wamama, tuiache.

Jumamosi kila mtaa ulete chupa safi ya plastiki yenye kifuniko. Tutaisuuza mara tatu kwa maji ya foraji ileile, ndipo tuijaze, tuandike jina la foraji na tarehe.