Kifo cha Kishungi: Mazungumzo na Wanakisomo

Leo tumekuja mbele yenu na habari ya kuku mmoja. Msicheke kwanza. Sisi tunaofanya kazi ya elimu ya watu wazima tumezoea kuwafundisha ninyi. Leo tunataka kuwaeleza jinsi ujinga wetu wenyewe ulivyotupotezea kuku tuliyempenda.

Kuku huyo tulimwita Kishungi, kwa sababu ya manyoya yaliyosimama kichwani mwake. Tulipewa na wanakisomo wa darasa moja siku walipomaliza masomo yao. Wakati huo alikuwa tetea mdogo tu. Kwetu alikaa miaka mitatu. Kila mzao alitaga mayai kumi na mawili au zaidi, na kwa mayai yake tulinunua madaftari ya watoto. Binti yetu mdogo alimfanya rafiki. Akitoka shule, Kishungi humkimbilia mlangoni, naye humpa punje za mtama mkononi.

Basi, siku moja tuliokota yai lisilo na ganda. Lilikuwa laini kama kifuko cha ngozi. Tulishangaa kidogo, tukalitupa. Wiki iliyofuata likatoka jingine. Hatukumwuliza mtu yeyote.

Baadaye Kishungi akaanza kukaa kiotani mchana kutwa. Tukasema, “Anaatamia huyo, mwacheni.” Lakini chini yake hapakuwa na yai hata moja. Binti yetu ndiye aliyeona. Akaja akasema, “Baba, Kishungi hapandi tena dirishani. Anatembea kama mtu aliyebeba mzigo.” Na kweli, alisimama wima, mkia umeshuka, tumbo limejaa. Kinyesi chake kilikuwa majimaji.

Sasa sikieni kosa letu. Ofisi ya bwana mifugo haiko mbali, kwa baiskeli ni nusu saa. Lakini tuliona haya. Tulijiuliza, mtu mzima, tena mwalimu, atapandaje baiskeli kwenda kusumbua ofisi kwa ajili ya kuku mmoja? Tukachemsha majani ya mwarobaini, tukamnywesha. Bibi jirani akatuambia, “Mwalimu, mchinjeni mapema, asije akawa mzoga.” Mtoto akalia, tukaacha. Hatukumtibu, wala hatukumpumzisha. Siku ya nne asubuhi tukamkuta amekufa, kichwa amekilaza ukingoni mwa kiota.

Hapo ndipo tulipopanda baiskeli. Bwana mifugo hakutucheka. Alivaa mipira mikononi, akampasua. Tumboni mlikuwa na maji ya manjano yenye harufu mbaya, na mabonge kama kiini cha yai lililochemshwa. Akasema, “Mwalimu, huyu hakurogwa wala hakulishwa sumu. Viini vya mayai vimeangukia tumboni, vikaoza.”

Ndugu zetu, wengi wetu tunakula mayai tangu utotoni, lakini hatujui yanavyotengenezwa. Tujifunze. Kuku kwa kawaida hutumia upande mmoja tu wa kizazi, yaani wa kushoto. Humo kiini hukomaa, kisha huingia katika mrija wenye urefu unaozidi nusu mita. Njiani kiini huvikwa ute, kisha ngozi nyembamba, na mwisho ganda. Kazi yote huchukua saa 25 hivi, na ganda peke yake huchukua saa 20 hivi. Ganda hilo ni chokaa, na kuku asipoipata ya kutosha katika chakula huitoa katika mifupa yake mwenyewe.

Mambo yanaweza kuharibika kwa njia nyingi. Tutaje tatu.

Kwanza, yai hukwama. Kuku hujikamua bila kutaga. Mweke mahali penye joto na utulivu. Kalisha tumbo lake katika maji ya vuguvugu kwa dakika 15 au 20, kisha paka mafuta safi ya kula penye njia ya kutagia. Usilivute yai wala usilivunje likiwa ndani, maana vipande vya ganda vitamchana. Lisipotoka, mwone mtaalamu upesi.

Pili, njia ya mayai hutokeza nje, nyekundu. Mtenge mara moja, kwa sababu wenzake watamdonoa hadi kumwua.

Tatu ni ule uliomwua Kishungi. Kiini hukosa njia, huangukia tumboni, kisha vijidudu huingia. Ugonjwa huu hauna dawa ya nyumbani. Ukiwahi kwa mtaalamu, pengine dawa itasaidia. Ukichelewa, kumpumzisha kuku ni huruma, siyo ukatili. Na kuku aliyekufa hivyo haliwi. Mfukieni. Vilevile, kuku akipewa dawa, ulizeni ni siku ngapi mayai yake yasiliwe.

Msiuchanganye ugonjwa huu na mdondo, ambao wengine huuita kideri. Mdondo huambukiza, na unaweza kumaliza banda zima kwa siku chache. Wenyewe una chanjo, nayo hurudiwa kwa ratiba ya bwana mifugo. Ugonjwa wa mayai hushika kuku mmoja mmoja, na kwa sababu hiyo tunaudharau.

Tufanye nini basi? Kuku wanaotaga wapewe chokaa: makombe ya ziwani au maganda ya mayai yaliyochemshwa, yakaushwe na kusagwa. Wapate maji safi kila siku, na viota vikavu. Yai laini likionekana mara kwa mara, hiyo ni barua. Isomeni. Ninyi mmejifunza kusoma na kuandika. Wekeni daftari la kuku. Andikeni nani ametaga, lini, na yai lilikuwaje. Kama tungekuwa na daftari hilo, tungeona hatari wiki mbili kabla.

Kishungi tulimzika chini ya mpapai. Binti yetu alituuliza, “Baba, kwa nini hukuenda kwa bwana mifugo akiwa mzima?” Hatukuwa na jibu. Tulimwambia kweli, kwamba tuliona haya. Naye akanyamaza. Kunyamaza kwake kulituuma kuliko maneno.

Ndugu Wanakisomo, kuona haya kuuliza ni ujinga ambao hata cheti cha ualimu hakiuondoi. Mnyama akikutegemea, hata awe kuku mmoja, uliza mapema.



Maswali ya kuzungumzia katika kikundi:
1. Yai lisilo na ganda linatuambia nini?
2. Utamtofautishaje kuku anayeatamia na kuku mgonjwa?
3. Ni jambo gani ambalo wewe umeona haya kuliuliza, na hasara yake ilikuwa nini?