Nyumba ya Torr's: Kutoka Hoteli hadi Benki



Halmashauri imetutwika kazi ya kusema machache juu ya nyumba moja ya Nairobi ambayo wengi wetu twapita mbele yake bila kuinua macho. Iko katika pembe ya Barabara ya Kenyatta na Mtaa wa Kimathi. Leo ni benki. Zamani ilikuwa hoteli, yenye baa na ukumbi wa dansi uliovuma nchi nzima, na jina lake lilikuwa Torr's.

Aliyeijenga, mwaka 1928, ni Ewart Grogan, mlowezi tajiri ambaye mwaka 1900 alikamilisha safari yake mashuhuri ya kutoka kusini mwa Afrika hadi Cairo. Wazee wetu walimkumbuka kwa jambo jingine. Mwezi wa Machi 1907, mbele ya mahakama ya Nairobi, yeye na wenzake waliwachapa viboko hadharani Wakikuyu watatu wavuta rikisho. Alifungwa mwezi mmoja tu. Mtu huyo huyo ndiye aliyetoa ardhi, kwa ukumbusho wa mkewe Gertrude, ili ijengwe hospitali ya watoto ambayo ingalipo Muthaiga. Twayataja yote mawili kwa kuwa yote mawili ni kweli, na hatuoni kwamba moja lafuta jingine.

Katika zama za ukoloni barabara ile ilikuja kuitwa Delamere Avenue, na mtaa wa kando Hardinge Street. Alasiri palinywewa chai huku bendi ikipiga muziki, na usiku palichezwa dansi. Walowezi waliokuja mjini kutoka mashambani walikutana hapo kuuza na kununua, kugombana juu ya siasa, na kunywa. Habari hizi zimeandikwa mara nyingi, maana wanywaji wale walikuwa na kalamu na wasaa wa kuandika.

Je, Mwafrika alikuwa wapi? Alikuwa ndani ya nyumba ile tangu siku ya kwanza, lakini kwa mlango wa nyuma. Yeye ndiye aliyepika, aliyefua mashuka, aliyebeba mizigo, aliyepiga pasi na kuchukua sinia. Kuketi mezani hakuruhusiwa. Tena kwa miaka mingi sheria ilimkataza kunywa pombe ya Kizungu mahali popote, awe na fedha au asiwe nazo. Aliyetaka kuburudika baada ya kazi alielekea Pumwani, kwenye kilabu cha baraza la mji, ambalo peke yake ndilo lililokuwa na haki ya kuuzia Waafrika pombe ya kienyeji. Faida ya pombe ile ilitengwa kwa mambo ya Waafrika wa mjini, na hivyo mtu maskini alijilipia ustawi wake kwa kikombe chake mwenyewe. Chama cha ustawi kama chetu hakina budi kulifikiri jambo hilo kila kinapozungumza habari za kukusanya fedha.

Katika barabara ile ile ya Torr's zimesimama sanamu za shaba za askari na mpagazi, ukumbusho wa Waafrika waliokufa katika vita vya 1914 hadi 1918. Maandishi yake yamo pia katika Kiswahili. Mpagazi wa shaba aliruhusiwa kusimama Delamere Avenue mchana na usiku. Ndugu yake aliye hai alipita hapo na kipande shingoni.

Dedan Kimathi alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Mwaka uliofuata, 1958, Torr's ilikwisha kuwa hoteli, na nyumba ikanunuliwa na Benki ya Ottoman. Mahali pa dansi pakawa mahali pa kuhesabia fedha. Baada ya Uhuru wa 1963 mtaa wa kando ukapewa jina la Kimathi, na barabara ikapewa jina la Kenyatta. Mwaka 1969 matawi ya Ottoman katika Afrika ya Mashariki yalichukuliwa na National and Grindlays, na baadaye Stanbic ikashika nafasi hiyo. Katika mabadiliko hayo kubwa kwetu ni moja: Mwafrika aliingia kwa mlango wa mbele, kwanza kuweka akiba yake, kisha kuketi nyuma ya dirisha la karani, kisha katika ofisi ya meneja.

Majina ya wenye mali na ya wageni mashuhuri yamehifadhiwa vitabuni. Majina ya wapishi, madobi na matopasi wa Torr's hayakuandikwa. Aliyekuwa kijana wa miaka ishirini hoteli ilipofungwa sasa amekwisha kupita themanini, na kila mwaka twazika wengine. Kwa hiyo halmashauri yaomba mkutano huu uidhinishe fedha kidogo za kununulia vitabu vya kuandikia na kinasa sauti, na nauli ya vijana wawili watakaowasikiliza wazee waliofanya kazi katika mahoteli na mabaa ya mji kabla ya Uhuru, hapo Torr's na kwingineko. Wajane na watoto wao nao wataulizwa. Barua za kazi na picha zitanakiliwa na kurudishwa kwa wenyewe siku ile ile.

Katibu ataketi karibu na mlango baada ya chai ili kupokea majina. Mzee asiyeweza kufika atafuatwa nyumbani kwake.